Misuli Ikiuma, Mbona Mtu Anayumba? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaofika kwetu fiziotherapia wanakuja na kiuno, goti, shingo au shavu la mguu. Tunaongea, tunapima, tunapanga mazoezi. Mgonjwa akishasimama kuondoka, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Halafu, dada, siku hizi nayumba kidogo. Juzi nusura nianguke bafuni." Neno hilo ningependa lije mwanzo. Maumivu ya misuli na kuyumba si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya, na majibu yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya wale wanaolitaja wakiwa mlangoni.

Ni kiuno kinachoniuma, si miguu wala kichwa. Mbona nayumba nikijitwika ndoo?

Kwa sababu ndoo hainyanyuliwi na mikono peke yake. Kabla mkono haujasogea, misuli ya miguu, nyonga na kiuno huwa imeshapokea amri yake na kuanza kazi. Mwili uliosimama ni mrefu na umekalia nafasi ndogo sana: nyayo mbili tu. Ukitupa mkono mbele kwa haraka, uzito unahama na kiwiliwili nacho kinasukumwa. Ubongo unalijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hausubiri uyumbe ndipo ukushike. Unatanguliza ulinzi.

Mwaka 1967 wanasayansi wa Moscow, miongoni mwao Viktor Gurfinkel, waliandika juu ya jambo hili baada ya kupima umeme wa misuli ya watu waliokuwa wakiinua mkono huku wamesimama. Msuli wa nyuma ya paja ulianza kazi kabla ya msuli wa bega unaoinua mkono wenyewe. Tofauti hiyo ni sehemu ndogo sana ya sekunde, huwezi kuihesabu kwa saa ya mkononi, lakini humo ndimo mwili unamojiweka sawa.

Kiuno kikiuma, yanayovurugika ni maandalizi hayo. Yanachelewa, au yanapungua, au yanafanywa na misuli ambayo si kazi yake. Mkono unaondoka na ndoo wakati mwili haujawa tayari.

Kuna namna ya kuyaona maandalizi hayo bila mashine?

Ipo, na huwa nawafanyisha wagonjwa siku ya kwanza, kwa sababu mtu akishaliona kwa mwili wake halihitaji maelezo marefu. Simama ubavu kwa ukuta, bega la kulia na ukingo wa nje wa mguu wa kulia vikiwa vimegusa ukuta. Mtu awe karibu nawe. Sasa nyanyua mguu wa kushoto taratibu na ubaki hivyo. Hutaweza. Mguu wa kushoto una nguvu zile zile za jana. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuegemeza mwili upande wa kulia kwanza, jambo unalolifanya kila unapopiga hatua na hujawahi kulifikiria.

La pili ni la kukaa mezani, linawafaa hata wenye maumivu makali ya miguu. Weka chupa ya maji iliyojaa juu ya kiganja cha kushoto, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Iondoe mwenyewe kwa mkono wa kulia: kiganja kinabaki pale pale. Irudishe, fumba macho, umwambie mwenzako aiondoe ghafla. Kiganja kitaruka juu. Ulipoiondoa mwenyewe, ubongo uliutaarifu mkono wa kushoto mapema kwamba mzigo unaondoka. Alipoiondoa mwingine, taarifa haikuwepo. Mtu mwenye maumivu ya misuli anaishi mahali fulani katikati ya hali hizo mbili: taarifa inakuja, lakini haiji kwa wakati wake.

Maumivu yanaingiaje kati ya ubongo na msuli?

Kwa mlango zaidi ya mmoja. Ndani ya misuli kuna vipokezi vidogo vinavyoueleza ubongo msuli umenyooka kiasi gani na kwa kasi gani. Ubongo unazichanganya habari hizo na za macho, za sikio la ndani na za ngozi ya nyayo, ndipo unapojua mwili umekaaje. Neva nyembamba zinazobeba maumivu zinafika kwenye uti wa mgongo jirani na njia hizo hizo. Zikipiga kelele, habari nyingine hazisomeki vizuri. Ni kama kupokea simu katikati ya soko: anayekupigia hajanyamaza, ila humpati vizuri.

Mlango mwingine ni ulinzi, na hapa fikra za wataalamu zimebadilika sana. Zamani ilifundishwa kwamba msuli unaouma hukaza, ukikaza unauma zaidi, na mzunguko ukawa haukatiki. Mwaka 1991 James Lund na wenzake walitoa maelezo tofauti: msuli unaouma, ukiwa ndio unaotenda kazi, mara nyingi hupunguza nguvu, na ule unaopingana nao huongeza, ili mwendo uwe mdogo na wa polepole. Mwaka 2011 Paul Hodges na Kylie Tucker wa Australia wakalipanua zaidi. Walisema kazi inagawanywa upya ndani ya msuli na kati ya misuli, na kila mtu anaigawanya kwa namna yake. Mimi hilo la mwisho naliona kila wiki. Watu wawili wana maumivu ya kiuno mahali pale pale. Mmoja anakakamaa kama mti, mwingine anaegemea mguu mmoja hadi kiatu kinaisha upande.

Ulinzi huo unasaidia leo na kugharimu kesho. Mtu anayesimama juu ya ubao mwembamba hujiokoa kwa kuchezesha nyonga: kiwiliwili kinakwenda huku, nyonga inakwenda kule. Wenye maumivu ya kiuno walipopimwa katika hali kama hiyo, walionekana kuitumia mbinu hiyo kidogo kuliko wenzao wasio na maumivu. Kiuno kilichokazwa kisiume ndicho hicho kinachokataa kujikunja mtu anapohitaji kujiokoa.

Wamejuaje kwamba ni maumivu yenyewe na si jeraha la msuli?

Kwa maji ya chumvi. Ukimdunga mtu mzima wa afya kiasi kidogo cha maji yenye chumvi nyingi ndani ya msuli, unauma kwa dakika chache kisha unaacha, bila kuacha jeraha la kudumu. John Kellgren aliitumia njia hii London na kuandika matokeo yake mwaka 1938, akionyesha kwamba maumivu ya msuli huweza kusikika mbali na pale sindano ilipoingia. Leo watafiti hutumia chumvi ya takriban asilimia 6, na kwa kulinganisha wanamdunga mtu maji yenye chumvi ya asilimia 0.9, kama yale ya dripu, ambayo hayaumi kwa kiasi hicho.

Huko Aalborg, Denmark, watu waliofanyiwa hivyo kwenye shavu la mguu waliyumba zaidi wakiwa wamesimama tu kwenye kipimo. Paul Hodges na wenzake walidunga misuli ya mgongo, kisha wakawaambia watu wainue mkono haraka: maandalizi ya misuli ya kiwiliwili yakabadilika papo hapo. Watu walikuwa wazima dakika kumi kabla. Kwa hiyo mtu akikuambia unayumba kwa sababu umedhoofika, mjibu kwamba hata kijana mwenye nguvu zake huyumba akiumwa.

Maumivu yameisha wiki tatu sasa, lakini mwili bado siuamini. Nimepona au sijapona?

Maumivu yamepona. Maandalizi huenda bado. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mgonjwa aondoke nalo, kwa sababu wengi huacha mazoezi siku ile ile maumivu yanapokatika.

Mwaka 1996 Hodges na Carolyn Richardson walichapisha kipimo cha watu 15 waliokuwa na historia ya maumivu ya kiuno na 15 wasiokuwa nayo. Wote waliinua mkono haraka. Kwa wasio na historia, msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiuno kama mkanda, ulianza mapema. Kwa wenye historia ulichelewa.

Miaka ya baadaye Lorimer Moseley na Hodges walifuatilia watu waliosababishiwa maumivu mgongoni kwa majaribio, wakaona kwamba baada ya maumivu kukoma wengi walirudi kwenye namna yao ya zamani, lakini wachache hawakurudi. Wachache hao ni wale ambao wakati wa maumivu mwili wao ulishikilia namna moja tu ya kujiandaa, bila kubadilisha badilisha. Kwa ufahamu wangu hilo ni onyo dhidi ya kutembea "kwa adabu" muda wote, mgongo umenyooka kama rula. Mwili unahitaji kujaribu njia nyingi.

Na hofu peke yake inatosha kufanya madhara. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2004, kutarajia tu kwamba mgongo utauma kulibadilisha maandalizi ya misuli ya kiwiliwili. Ndiyo maana sipendi kabisa maneno kama "mgongo wako umekwisha" au "pingili zimesagika" yanayotamkwa mbele ya mgonjwa. Anaondoka nayo, na kila akiinama yanainama naye.

Basi nikaze tumbo siku nzima ili msuli huo wa ndani ufanye kazi?

Hapana. Baada ya utafiti wa 1996, dunia nzima ya mazoezi iliingia katika mtindo wa kukaza tumbo. Tafiti zilizolinganisha mazoezi hayo na mazoezi mengine kwa wenye maumivu sugu ya kiuno hazikuona tofauti kubwa. Tatizo lilikuwa wakati wa msuli kuanza, wala si kwamba ulikuwa umelegea saa zote. Anayekaza kutwa anazidisha ule ukakamavu tunaoupigania utoke.

Ni msuli upi ukiuma unamwangusha mtu zaidi?

Shavu la mguu na paja ndivyo vya kuogopa, kwa sababu kifundo cha mguu ndicho kinachofanya kazi kubwa ya kutushikilia tukiwa wima. Shingo watu wanaisahau. Misuli midogo iliyo chini ya kisogo imejaa vipokezi vya kueleza kichwa kimekaaje juu ya mwili. Ikiuma, habari zake zinagongana na za macho na za sikio la ndani, na mtu anahisi kama yuko ndani ya mtumbwi. Anayeamka na shingo iliyokakamaa, kisha akageuka ghafla kuangalia gari wakati wa kuvuka barabara, yuko hatarini zaidi ya anavyodhani.

Nimelima siku moja tu baada ya miezi mingi, misuli yote inauma. Hayo nayo yanahesabika?

Yanahesabika, ila ni ya kupita. Huwa makali kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi ngeni, kisha yanakwisha yenyewe. Siku hizo mbili tatu usipande ngazi kuezeka wala kukwea mnazi.

Mama ana zaidi ya miaka 70. Anasema kuyumba ni uzee tu. Tumwache?

Msimwache. Utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuatilia wazee 749 wenye miaka 70 na zaidi. Wenye maumivu sugu ya viungo na misuli walianguka zaidi ya wasio nayo, na aliyekuwa na maumivu makali mwezi huu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka mwezi unaofuata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wazee wengi hawaurudii mwendo wao wa awali.

Kuna bibi mmoja aliletwa kwa ajili ya goti. Nilimwomba anipatie kikombe kilichokuwa kwenye rafu, juu kidogo ya kichwa chake. Sikumtazama mkono, nilimtazama miguu. Kabla mkono haujafika nusu ya njia, vidole vilijikunja ndani ya kandambili vikaing'ang'ania sponji kama vya kuku kwenye kijiti. Kisigino cha kushoto kikanyanyuka. Pumzi akaizuia. Kikombe alikileta, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Haya mjukuu wangu, umeona? Mzima." Alikuwa ametumia mwili mzima kuazima usawa ambao paja lake halikuupata tena kwa sababu ya goti. Tulianza na kikombe kilichokuwa usawa wa kifua.

Kubeba mzigo kichwani kunaharibu au kunajenga usawa?

Kwa aliyezoea na asiye na maumivu, ni ustadi wa hali ya juu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya. Walikuta kwamba wangeweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila mwili kutumia oksijeni zaidi. Wajaluo walibeba kichwani, Wakikuyu kwa kamba ya paji la uso. Baadaye ilibainika kwamba siri iko kwenye mwendo: wanautumia uzito wa hatua moja kuisukuma hatua inayofuata.

Mwendo wa namna hiyo unategemea mwili unaojiandaa kwa wakati. Ukiwa na maumivu ya shingo au kiuno, saa za hatari ni mbili: kujitwika na kutua. Kwa hiyo tafuta mtu wa kukutwisha na wa kukutua. Punguza maji, nenda mara mbili. Ngata nzuri kichwani nayo isikosekane.

Dawa za maumivu zitanirudishia usawa?

Zikipunguza maumivu zinaweza kukusaidia kusogea, na hiyo ni faida. Angalia tu ni dawa gani. Tramadol, diazepamu na baadhi ya dawa za kulegeza misuli zinaleta usingizi na kizunguzungu, na mzee akiamka usiku kwenda haja akiwa amezimeza, ndipo anapoangukia mlangoni. Mweleze daktari au mfamasia dawa zote unazotumia. Zile za kupunguza mafuta kwenye damu pia huweza kuleta maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu. Usiziache kimya kimya, rudi kwa aliyekuandikia.

Fimbo nishike mkono upi?

Mkono wa upande usiouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe kushoto, na iende mbele pamoja na mguu wa kulia.

Nifanye mazoezi gani nyumbani?

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23, hasa mazoezi ya usawa na ya shughuli za kila siku. Kukandwa kunapendeza na kunapunguza maumivu kwa muda, sikukatazi, lakini mkandaji hawezi kuufundisha mwili wako kujiandaa. Unajifundisha wenyewe kwa kusogea.

Anza na kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Simama na ukae mara nane bila kusukuma kwa mikono. Ikishindikana, sukuma kidogo. Kisha simama nyuma ya kiti, vidole vya mkono mmoja vikigusa mgongo wa kiti, miguu ikiwa imekaribiana. Inua mkono mwingine hadi usawa wa bega, taratibu mara tano, halafu haraka mara tano. Ile ya haraka ndiyo dawa, kwa sababu mwendo wa haraka ndio unaoulazimisha mwili kutanguliza maandalizi. Siku zikipita shika chupa ya nusu lita. Baadaye weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine na urudie. Badilisha kila siku: leo inua mbele, kesho pembeni, keshokutwa geuka kama unamwangalia anayekuita nyuma.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakiwa makali zaidi kesho yake asubuhi, punguza kesho hiyo, usiache.

Kwa wanaoswali, kuinuka kutoka sijida ni zoezi kamili la usawa, lakini kwa mwenye goti au paja linalouma ni mahali pa kuangukia. Weka kiti upande wa mkono wenye nguvu, inuka kwa kukishika. Asiyeweza kabisa ana ruhusa ya kuswali ameketi.

Lini nikimbilie hospitali badala ya kufanya mazoezi?

Maumivu ya kiuno yakiambatana na ganzi kati ya mapaja, miguu kukosa nguvu, au mkojo na choo kutozuilika, ni dharura ya leo hii. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, huenda ni damu iliyoganda, usilichue kamwe. Kuyumba kulikokuja ghafla pamoja na uso kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ni dalili za kiharusi. Misuli inayouma sana na mkojo kuwa wa rangi ya kola inahitaji daktari haraka, na maumivu ya misuli yenye homa yanahitaji kipimo cha malaria kwanza.

Nikifika kwa mtaalamu, nimwambie nini?

Mwambie ulikuwa unafanya nini ulipoyumba. "Nilikuwa nateremka daladala, mguu wa kushoto ndio ulitangulia, mkono wa kulia una mfuko." "Nilikuwa naanua nguo." "Nilikuwa navaa suruali nimesimama." Sentensi moja kama hizo hunieleza zaidi ya picha ya eksirei, kwa sababu najua mara moja ni mwendo gani nikuombe uurudie mbele yangu, na miguu yako niitazame wapi.